Ushauri: Fundi nguo, kila siku ninayomtajia mteja inapita

KitengeNaChaki
Habari wakuu. Nashona nguo za kike, kibanda kiko Morogoro, cherehani moja ya mota, sina msaidizi. Wateja wapo, tatizo ni siku. Nikisema Ijumaa mtu anachukua Jumanne, tena kwa kugombana. Sasa hivi nguo 23 zimenilalia: gauni 11 za kitenge zenye bitana, sketi na blauzi 8, marekebisho 4. Vianzio nimeshavila. Desemba hiyo inakuja na sare za shule nyuma yake. Nimejaribu kukesha, matokeo yake naunga mkono wa kulia kwenye bega la kushoto. Nifanyeje? Natanguliza shukrani.

Hesabu_Kwanza
Mkuu, unahesabu nguo wakati ulitakiwa kuhesabu saa. Chukua gauni moja lenye bitana na zipu ya kuficha, weka simu pembeni ikupimie muda. Kwa fundi wa kasi ya kawaida utakuta hivi: kuchora na kukata dakika 70, kushona saa 3, ovaloki (kushona kingo zisifumuke) 20, zipu na pindo 40, pasi 20. Jumla saa 5 na nusu, na hapo hajaingia mtu kuulizia bei.

Sasa siku yako. Ukifungua saa 3 asubuhi na kufunga 12 jioni zinaonekana saa 9. Toa maongezi, chakula, kuzunguka kutafuta zipu ya rangi, umeme kukatika. Sindano inatembea saa 6 tu. Kwa siku 6 ni saa 36, weka 6 za dharura. Zile 30 zinameza gauni 5, basi. Ukipokea 9 kwa wiki, 4 umeshazichelewesha kabla hujashika mkasi.

Foleni uliyonayo: gauni 11 ni saa 60 na nusu, sketi na blauzi kwa saa 3 kila moja ni 24, marekebisho kama 2. Saa 86 na nusu, yaani karibu wiki 3. Hilo ndilo jibu la mteja anayeingia leo, hata akilia.

BibiChaki
Hesabu sawa, ila kabla ya huyo wa leo kuna hawa wa 23. Fungua daftari, kila nguo mstari wake: jina, ilipofikia (haijakatwa, imekatwa, bado zipu), na siku ya shughuli yenyewe. Panga kwa siku ya shughuli. Mafundi wengi huanguka hapa: mpiga kelele anashonewa gauni la kushindia nyumbani, mkimya mwenye harusi Jumamosi anasahauliwa.

Kisha piga simu wewe, kabla hawajakupigia. "Dada, gauni lako halitakuwa tayari Ijumaa. Njoo Jumanne ijayo ujaribishe, Ijumaa yake uchukue. Ukiona mbali, kitambaa na kianzio chako narudisha." Usitaje umeme, usitaje msiba. Misiba ya mafundi nguo watu wameshaizoea.

Na uache kutoa siku ya kuchukua peke yake. Toa ya kujaribisha, siku 3 kabla. Lijaribishwe likiwa limeungwa mabega na ubavu tu, mgongo umebanwa kwa pini, zipu na bitana bado. Kupunguza kiuno hapo ni dakika 10. Bitana ikishaingia, kulifumua na kulirudisha kunakula karibu saa nzima.

MzeeBobini
Unapoteza muda mwingi kubadili uzi kuliko unavyodhani. Kata asubuhi mwanga ukiwa mzuri, nguo 3 au 4 pamoja. Maliza zote za uzi mweusi ndipo uhamie rangi nyingine. Jaza bobini 5 (vile vigurudumu vya uzi wa chini) jioni kabla ya kufunga.

Ovaloki kama ni ya jirani, peleka mara moja kwa siku, siyo nguo moja moja. Kama ni yako, usitunge upya kila ukibadili rangi: kata uzi karibu na koni, funga mpya kwenye wa zamani, legeza tensheni (kibano cha uzi), vuta polepole. Fundo likikaribia sindano likate na utunge kwa mkono, maana halipiti kwenye tundu, litakatikia hapo. Kukesha acha. Mkono uliogeuzwa usiku unafumuliwa asubuhi, saa ile ile ya kazi.

KitengeNaChaki
Asanteni. Lakini wiki 3 bila kupokea kazi, kodi ya kibanda nalipa na nini?

Hesabu_Kwanza
Zile saa 6 za dharura ni saa 1 kwa siku. Hapo pokea vidogo: pindo la suruali dakika 15, kubadili zipu dakika 30, pesa papo hapo, hakuna kulaza nguo.

BibiChaki
Mimi hapo nina wasiwasi, vidogo ndivyo vinavyorudisha foleni. Kama ni lazima, iwe saa 3 hadi 4 asubuhi tu, na akija saa 7 aambiwe kesho. Kuhusu kianzio: siku hiyo hiyo nunua zipu, bitana na uzi wa nguo hiyo, funga na kitambaa kwenye mfuko mmoja wenye jina na vipimo. Kinachobaki ndicho cha kula. Kianzio cha Mama Asha kikinunua zipu ya Mama Juma, wiki ijayo unatafuta mteja wa tatu wa kumnunulia Mama Asha.

KitengeNaChaki
Nimeelewa. Kuna gauni moja nimelikata, limebana kifuani kwa sentimita 6. Mwenyewe hajui.

MzeeBobini
Usipige simu bado. Tandaza mabaki yote mezani. Unahitaji vipande 2 vya kuingiza ubavuni, kimoja kila upande, vinavyoonekana kwa sentimita 3. Ongeza 3 za mshono, kila kimoja kikatwe upana wa 6, toka kwapani hadi kwenye pindo. Uelekeze maua upande uleule wa gauni. Vikipatikana, vibane kwa pini, piga picha, mtumie akubali kwanza. Visipopatikana, beba mabaki nenda sokoni leo leo, chapa za kitenge huisha haraka, na kitambaa unalipa wewe. Ukikosa chapa hiyo ndipo umpigie, bei ya kitambaa kipya ikiwa mkononi.