Countach ya 1:18: niongeze pesa nichukue AUTOart au Bburago yatosha? (niko Lamu)

Mkunguni86

Salaam aleikum wadau. Mimi niko Lamu, na kabla hamjaanza kunicheka, ndio najua, kisiwa chetu ni cha punda na siku hizi bodaboda, gari mpaka uvuke Mokowe huko bara ndio uzione zimepangana. Lakini tangu udogoni nna ugonjwa wa Lamborghini Countach. Kulikuwa na kalenda yenye picha yake kwa kinyozi mmoja mtaa wa Langoni, gari jekundu, bawa kubwa nyuma, milango imesimama juu kama masikio ya punda aliyeshtuka, nikienda kunyolewa macho yako kwenye ile kalenda tu mpaka siku moja nikakatwa sikio.

Sasa nimejichanga nataka daikasti ya 1:18 (modeli ya chuma, ndogo mara 18 kuliko gari lenyewe), moja tu ya maana, sitaki kujaza nyumba. Vidogo vya Hot Wheels na Matchbox ninavyo kama arubaini, nimevipanga kwenye zidaka (vile vishubaka vya ukutani) za chumba cha ndani kwa bibi, nyumba ya zamani ya mawe. Mtandaoni naona modeli za kampuni ya Bburago na Maisto bei za binadamu, halafu AUTOart na Kyosho zimepaa huko, yaani kwa pesa ya AUTOart moja napata Bburago tano na nauli ya Malindi kwenda na kurudi. Hiyo tofauti inaonekana kwa macho au ni jina tu? Na nyie mlio Pwani, hii chumvi ya baharini inazifanyaje?

SwalehNgalawa

Mtu ananunua gari mahali ambapo foleni ni punda wawili wamekutana kichochoroni 😂😂 haya endelea, nimekaa nasoma.

Ami_wa_Barani

Waaleikum salaam mwanangu, usimjali Swaleh. Mimi niko Malindi na hivi vitu nimeanza kitambo kwa sababu huku Waitaliano ni wengi, na Mtaliano akiuza nyumba arudi kwao habebi kila kitu, maboksi yanaishia kwa wauza mitumba. Hapo ndipo nilipookota Countach yangu ya kwanza, Bburago, lile toleo la 5000 Quattrovalvole, nikaigeuza tumbo juu nikasoma Made in Italy. Maana Bburago ilikuwa ya Italia kweli, jina limetoka Burago di Molgora, mji mdogo karibu na Milano, ikafilisika 2005 ikachukuliwa na May Cheong wa Hong Kong ambao ndio hao hao wenye Maisto. Kwa hiyo ukilinganisha Bburago ya leo na Maisto unalinganisha watoto wa baba mmoja, usijichoshe. Na angalia usichanganyikiwe, Maisto anauza Countach lakini ni ile mpya LPI 800-4 ya 2021, Lamborghini walitengeneza 112 tu, si ile ya kinyozi wako.

Tofauti ya pesa iko wapi? Fungua mlango. Za bei nafuu bawaba yake ni mkono mnene umepinda kama ndoana, mlango ukifunguka mkono wote unatoka nje unakutazama, na ili huo mkono upate njia inabidi waache mwanya kwenye bodi hata mlango ukiwa umefungwa. Kwa gari nyingine utasamehe, lakini Countach mtu anainunua kwa ajili ya milango, kila mgeni akija kitu cha kwanza ni kuinua mlango! AUTOart na Kyosho bawaba zao ni ndogo, zimejificha kama za gari lenyewe, na mstari wa mlango ni mwembamba kama uzi. Halafu chungulia ndani, utakuta zulia sakafuni, mikanda ya kitambaa, dashibodi ina saa zinazosomeka. Kwenye nafuu ndani ni plastiki nyeusi imemiminwa pamoja, mkanda umechorwa kwenye kiti au haupo kabisa. Taa za mbele Countach imepata bahati maana hulala ndani ya boneti, kwa gari nyingine hapo ndipo bei nafuu hujianika, unaona kipini cha plastiki katikati ya taa kama mboni ya samaki.

Lakini nikwambie ukweli, ukiwa mita mbili ukiitazama kwenye kidaka, mlango umefungwa, nusu ya hayo huyaoni. Ile ya mtumba ndiyo watu wote wanaishika kwangu, ile ya ghali ninaishika mimi peke yangu na mikono nimenawa.

gedi_dan

Ami nakuheshimu ila umeruka jambo. AUTOart ya sasa bodi si chuma tena, kuanzia kama 2014 walihamia kwenye bodi ya plastiki ngumu wanayoiita komposit, chuma kiko ndani tu, kwa hiyo kama Mkunguni anataka ule uzito mkononi, ule ubaridi wa chuma ukiishika asubuhi, atafute AUTOart za zamani au Kyosho. Wao wanasema komposit inatoa kona kali na kingo nyembamba na kwa kweli ukitazama matundu ya hewa ubavuni ni safi kuliko za chuma, lakini mimi nimelipa pesa za chuma nataka chuma, hapo hatutaelewana.

Na kuna hizi za resini pia (aina ya plastiki ya kumimina), zinavutia sana kwa picha, ila hakuna kinachofunguka, milango, boneti, vyote vimezibwa. Countach ya milango iliyozibwa ni nini sasa? Ni sabuni yenye tairi. Soma maelezo mpaka chini kabla hujatuma pesa, mimi niliwahi kununua kwa muuzaji mmoja mtandaoni nikidhani inafunguka, kumbe ile picha ya milango juu ilikuwa ya modeli nyingine, na ilipofika kioo cha pembeni kimekatika maana mzigo ulirushwa kutoka kwa basi kama gunia la vitunguu. Nikabaki nagundisha kioo kwa kijiti cha meno.

Bi_Tomica

Mnaongea 1:18 tu kama vidogo havina wenyewe. Kaka Mkunguni, hizo Hot Wheels zako si za kulinganisha na hizi kwa sababu skeli yake (yaani hiyo 1:18 au 1:64) yenyewe hubadilika, lori na gari dogo vyote vinakatwa viingie kwenye pakiti moja, ndivyo ilivyo tangu Mattel wazianzishe 1968 na zile 16 za kwanza. Ukitaka kidogo cha kweli tafuta Mini GT ya 1:64, tairi za mpira, vioo vya pembeni, michoro midogo mpaka unahitaji miwani. Au Tomica ya Japani, wapo tangu 1970, ukiibonyeza inanesa kwa springi na mara nyingi milango inafunguka, mwanangu wa miaka sita ameiangusha kwenye saruji mara ngapi sijui na bado inakwenda. Mwaga hiyo AUTOart kwenye saruji tuone.

Kuhusu chumvi, hapo sikiliza kwa makini maana ndipo nilipolia. Hizi bodi ni zamaki, yaani zinki imechanganywa na aluminiamu na vinginevyo, haili kutu nyekundu kama msumari. Shida ni skrubu za chini na ekseli, hizo ni chuma cha kawaida na zinaota kutu haraka. Shida ya pili rangi. Nilikuwa na moja ya ghali, jina silitaji, niliificha ndani ya boksi lake na karatasi zake zote za plastiki nikidhani naitunza, mvua za masika mbili zikapita, kuifungua boneti imeota vipele vidogo vidogo kama joto la mtoto. Unyevu ulinaswa kati ya plastiki na rangi. Kwa hiyo toa zile plastiki zote siku ya kwanza, tia vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na tairi za raba zisikae miaka juu ya kibao cha plastiki, zinayeyushana zinagandana. Zile za zamani kabisa zina ugonjwa wao mwingine, zinki iliyochanganyika na madini ya risasi inapasuka yenyewe kama udongo mkavu, hiyo haina dawa, ukinunua mtumba tazama nyufa kwanza.

Ami_wa_Barani

Bi Tomica amemaliza. Mimi ninaongeza moja, ukuta wa matumbawe unatoa unyevu na chokaa, kidaka kitie kioo mbele au kila wiki utafuta vumbi jeupe. Tumia brashi laini ya poda, usitumie kitambaa, chokaa inakwaruza rangi. Na Mkunguni, umekipima hicho kidaka? Countach yenyewe ni kama mita 4.14, gawa kwa 18.

Mkunguni86

Shukran sana wote, nilikuwa nimeshaanza kuelekea Kyosho. Ami nimetoka kupima sasa hivi na rula ya shule. 4.14 kwa 18 ni sentimita 23. Kidaka kikubwa kuliko vyote upana ni 21, na kina hata 14 hakifiki. Nimeigeuza geuza kichwani, nikiiweka kwa mshazari pua inatoka nje, nikiisimamisha ni haramu. Bibi alikuwa amekaa hapo ananitazama napima, nikamweleza, akasema hapo marehemu mamake alikuwa akiweka sahani za Kichina na hakuna hata moja iliyowahi kutoa pua nje.

Kuna mtu ana Countach ya 1:43 anauza? Nimepiga hesabu inakuja chini ya sentimita 10, zinaingia hata mbili.

SwalehNgalawa

Mbili ndio foleni sasa 😂