Mtwara mwezi wa nane na familia na mama mkwe, tukale wapi?

Mgogo Mpole
Wakuu habari za humu, poleni na majukumu. Mwezi wa nane tunashuka Mtwara kwa gari toka Dodoma kupitia Dar, mimi, mke, watoto wawili na mama mkwe, tutakaa kama wiki hivi, tumepata nyumba Shangani karibu na bahari. Jiko lipo ila wife kashasema yeye haendi likizo kupika, na mimi nikipika mtatusikia hospitali. Sasa naomba mtu anayeishi huko aniambie watu wanakula wapi, maana nikigugo zinakuja hoteli zilezile na picha za mwaka arobaini na saba. Masharti ni haya, mama mkwe ni Msabato hasa, hagusi pweza, kamba, ngisi wala samaki asiye na magamba. Na siwezi kumkalisha baa, hapo naomba mnielewe. Watoto ni chipsi tu. Mimi samaki niliyemzoea ni wa Mtera, nataka nile bahari mpaka nikimbie mwenyewe.

Binti Shangani
Karibuni sana kaka. Kwanza ujue mwendo wa huku, sehemu nyingi hasa hizi za ufukweni jiko linaanza kuchangamka ukishaagiza, samaki yupo kwenye friza kagandiana na wenzake au ndo kwanza kijana anatumwa na boda akamtafute feri, pale wanaposhusha na kuuza samaki. Kuna sehemu moja siitaji jina, nilipeleka wageni saa moja jioni, menyu kurasa kibao, kila tukitaja tunaambiwa hicho leo hakuna, kuku kaja saa tatu na nusu watoto wameshalala mezani. Sisi wenyeji tunapita asubuhi. Unamwambia mpishi leo usiku tuko watano, nataka changu wa kuchoma na wali wa nazi, unaacha hela ya kutangulia unaondoka zako kuogelea. Jioni unakuta kitu kiko tayari. Hata mama lishe wa kawaida wanakubali hii, tena wao ndo waaminifu zaidi.

Kuhusu mama, hana shida kabisa Mtwara. Changu, pono, chewa, kolekole, wote wana magamba. Mkienda feri asubuhi mwende naye, achague mwenyewe na aparwe mbele yake, ayaone magamba yakiruka, halafu samaki wenu mnampelekea mama lishe anawapikia kwa hela ya kupika tu. Papa na taa mnajua wenyewe hapana. Nguru msianze naye ubishi, magamba yake madogo mno mtashinda mnamkagua na wenye samaki wanataka kufunga.

Nahodha Mstaafu
Dada kasema vizuri ila hajasema jambo la upepo. Mwezi wa nane kusi bado linavuma, kuna siku vyombo vidogo havitoki, siku hiyo hata ungekuwa na hela za aina gani utakula wa friza au dagaa. Kwa hiyo ukiona asubuhi bahari imetulia usilale, nenda feri. Na wewe mwenye hamu ya pweza angalia mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndo kuna bamvua, maji yanakupwa sana kwenye saa nne tano asubuhi, watu wanaingia mwambani kwa miguu na vijiti vyao, jioni yake pweza wamejaa vibandani. Ukija maji mafu, yaani siku ambazo maji hayakupwi sana, utauziwa wa juzi na utaapa pweza ni raba. Mzuri ukimtafuna ngozi yake inateleza lakini nyama inakatika, na supu yake inywe kwenye kikombe na ndimu, pilipili utie mwenyewe usikubali kutiliwa.

Mlindi Halisi
Ndugu Mgogo mbona unapitiliza? Ukitoka Dar unafika Lindi kwanza, Mtwara kuna zaidi ya kilomita mia mbele. Lala Lindi usiku mmoja, kula samaki pale mjini ufukweni kwa utulivu wako, mji hauna fujo, halafu hao wa Mtwara utawakuta kesho.

Binti Shangani
Lindi utulivu hata saa sita mchana 😂 Apumzike tu sio mbaya, dereva akichoka ni hatari.

Chuma cha Kusini
Mkuu msikose Mikindani, ni kama kilomita kumi tu toka Mtwara mjini, bajaji zinaenda. Pale juu kuna Boma la Mjerumani la mwaka 1895, lilikarabatiwa likafanywa hoteli, ukikaa barazani unaiona ghuba yote pamoja na mitumbwi. Kwa mama mkwe hapo ndo heshima, pia watoto wanajifunza, Livingstone alipita Mikindani 1866 akielekea safari yake ya mwisho ya bara. Ila piga simu siku moja kabla, uulize kama jiko linafanya kazi na wawaandalie nini. Chini mtaani asubuhi kuna vitumbua na mikate ya kumimina, mimi binafsi naona hiyo ndo sababu ya kweli ya kwenda Mikindani, mambo ya historia baadae.

Suala la baa liko hivi, nyama choma nyingi nzuri ziko baa, huwezi kukwepa. Lakini mjini kuna migahawa ya Waislamu haiuzi pombe kabisa, mchana unapata wali, mbaazi za nazi, samaki wa mchuzi, Ijumaa biriani. Na kwa vile mama anashika Sabato, chakula cha Jumamosi lipia Ijumaa kabla jua halijazama, mwambie mpishi mapema asije kukudai mbele yake.

Mkienda Msimbati bebeni chakula chenu na maji ya kutosha. Ni hifadhi ya bahari ile, mtalipa kiingilio, na mchanga unameza gari dogo, sasa ukakwame na njaa juu!

Mgogo Mpole
Aisee mmenisaidia mno, nimemsomea mama yale ya magamba kacheka, kasema huyo dada wa Shangani anataka kumjua. Naona watu wengi wa kusini wanataja ming'oko, ndo nini na watoto watakula?

Binti Shangani
Ni mizizi ya porini, miembamba, inachemshwa inauzwa barabarani kwa mafungu. Unamenya, unachovya kwenye chumvi na pilipili. Watoto wape bila pilipili, wakianza hawaachi. Mama pia ruksa, imetoka ardhini haina magamba wala mapezi 😂

Mgogo Mpole
😂😂 Na korosho za kurudi nazo Dodoma nichukue wapi nisipigwe?

Nahodha Mstaafu
Mwezi wa nane utakuta za msimu uliopita, mpya zinaanza kuingia Oktoba. Za zamani sio mbaya kama zilihifadhiwa vizuri. Omba kuonja toka katikati ya mfuko, sio zile za juu alizokupangia. Ikivunjika kwa mlio chukua, ikiwa laini imepata unyevu muachie, atakushushia bei lakini usichukue.

Mlindi Halisi
Na Lindi pia zipo.