Naomba ushauri: mbwa anapukutika manyoya, nimgawie vidonge vyangu vya vitamini?

MamaPili: Wakuu, habari zenu. Nina mbwa wa kilo 8 na paka wa kilo 4. Mbwa anapukutika manyoya masikioni na mguu wa mbele. Ndani kuna vitamini D ya IU 50,000 (nameza kimoja kwa wiki), vidonge vya chuma vya miligramu 200, na vitamini za kutafuna za mtoto wa miaka 3. Naweza kumgawia kidogo? Na ule unga wa ini bichi lililokaushwa, wa kunyunyizia kwenye chakula cha mbwa, unafaa?

Mizani: Dada, usimpe hata kimoja.

Vitamini D kwanza. IU 40,000 ni miligramu 1, hivyo kidonge chako kina miligramu 1.25. Gawanya kwa kilo 8 unapata karibu 0.16 kwa kila kilo ya mbwa. Dalili za sumu zaweza kuanza kwenye 0.1, na kuanzia 0.5 kalsiamu hupanda kwenye damu hadi ikajijenga ndani ya figo. Maana yake kidonge kimoja tu kimeshavuka mpaka wa kwanza, na kwa paka ni maradufu. Dalili hujitokeza baada ya saa 12 hadi 36: kutapika, kiu kali, mkojo mwingi. Vitamini hii hukaa kwenye mafuta ya mwili, ndiyo maana matibabu huchukua wiki kadhaa. Malhamu za soriasisi (ugonjwa wa ngozi) zenye dawa ya jamii ya vitamini D nazo ni hatari; mbwa asilambe ngozi iliyopakwa.

Chuma ndicho kinachonitia hofu zaidi, kwa sababu ya huyo mtoto. Salfeti ya chuma ya miligramu 200 huwa na chuma halisi kama miligramu 65, na hesabu hufanywa kwa chuma halisi. Miligramu 20 kwa kilo huvuruga tumbo. Ikipita 60, uhai uko hatarini. Mbwa wako anafika hapo kwa vidonge 8. Viwango hivyo hivyo hutumika kwa watoto: mwenye kilo 12 anafika kwa vidonge 12. Mbwa akipasua chupa, vinavyomwagika sakafuni vinamsubiri mtoto.

Chuma pia hudanganya. Saa 6 za mwanzo ni kutapika na kuharisha, pengine kwa damu, kisha mgonjwa anaonekana amepona. Baadaye mzunguko wa damu na ini huanza kushindwa. Usirudi nyumbani kwa sababu ametulia.

Kucha4: Kwenye vitamini za kutafuna soma viambato, utafute zailitoli (kitamu mbadala wa sukari, huandikwa pia E967 au sukari ya mti wa bachi). Mtu haimdhuru, lakini kongosho la mbwa huimwagia insulini nyingi na sukari ya damu inaporomoka, mara nyingi ndani ya saa moja. Kwa mbwa wa kilo 8, gramu 0.8 zinatosha. Kuanzia gramu 4 ini nalo linaweza kufa.

Kwa paka, ogopa asidi ya alfa-lipoiki, kirutubisho cha watu. Miligramu 30 kwa kilo humletea sumu, yaani 120 kwa huyo wako, na kapsuli moja ya watu mara nyingi ni 300 au 600.

MamaPili: Asanteni sana. Akimeza bahati mbaya nifanyeje? Mkaa wa dawa unasaidia?

Mizani: Mkaa haushiki chuma, wala zailitoli haushiki vizuri. Usimtapishe mwenyewe, na kamwe usimpe maji ya chumvi. Chumvi yenyewe ni sumu. Chukua chupa, hesabu vilivyobaki, andika saa na uzito wake, umpigie daktari wa wanyama huku mkielekea huko. Usingoje dalili.

Nyayo: Mimi narudi kwenye manyoya, maana hakuna kidonge kinachotibu kisichopimwa. Masikio na mguu wa mbele, kama ni mabaka ya duara yenye magamba, fikiria mapunye. Yanaambukiza paka na mtoto pia, na paka anaweza kuyabeba bila alama yoyote. Daktari atachukua nywele na magamba ya pembeni mwa baka aoteshe fangasi maabara. Majibu kamili yanaweza kufika wiki 3. Taa ya urujuanimno peke yake haitoshi, kwani fangasi wengine hawang'ai. Mkague mtoto kichwani na mikononi leo hii. Safisha zulia na matandiko kwa kufyonza vumbi, kwa sababu mbegu za fangasi hudumu miezi mingi kwenye nywele zilizoanguka.

Huo unga wa ini bichi uache. Kukausha hakuui bakteria wa salmonela, kugandisha pia hakuui. Mbwa anaweza kuwa mzima kabisa huku akiitoa kwenye kinyesi, na wa kuumia ni mtoto wa chini ya miaka 5. Kama umeshanunua na bakuli limeshaguswa, lioshe kwa sabuni na maji ya moto, mbali na vyombo vyenu.