Umeme ukikatika, sampu ya tangi la samaki inafurika: vali, tundu, au kupunguza maji?

Samaki_Upanga
Wakuu, habari zenu. Juzi usiku umeme ulikatika tukiwa tumelala. Alfajiri naamka, nakanyaga maji sebuleni. Tangi langu ni sentimita 120 kwa 45 kwa 50, nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika, na chini yake kuna sampu ya 75 kwa 35, yaani tangi dogo ambalo maji ya juu hushukia na pampu huyarudisha. Pampu iliposimama, maji yakashuka kupitia bomba lile lile la kupandishia hadi sampu ikafurika. Naishi ghorofa ya tatu. Kabati la MDF (bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa) limevimba kwa chini, na dari la jipsamu la mama wa ghorofa ya pili limeshuka katikati. Nimekwenda kumwomba radhi na matengenezo ni juu yangu, lakini sitaki tena kumgongea mlango kwa habari kama hii.

Nimeambiwa njia tatu: vali ya kuzuia maji yasirudi, kutoboa tundu kwenye bomba la kupandishia, au kupunguza maji ya sampu. Ipi ya kutegemea?

Fundi Ilala
Pole sana ndugu. Kabla ya vali, shughulikia lile dari leo hii. Likishuka katikati ujue maji bado yamekaa juu yake. Zima umeme wa chumba hicho kwenye meni swichi, kwa sababu nyaya za taa zinapita humo. Weka ndoo, kisha toboa kwa bisibisi pale palipobonyea ili maji yatoke taratibu. Ukiliacha, jipsamu inaendelea kulowa na bodi nzima itadondoka juu ya watu. Baada ya hapo madirisha wazi na feni mfululizo. Pakikaa na unyevu zaidi ya siku mbili, ukungu unaanza. Hiyo MDF iliyovimba haitarudi kama zamani, na kwa kuwa ndiyo inayobeba tangi, usiiamini hata siku moja.

Bi Tudor
Kaka, mimi niko Mombasa na niliitegemea hiyo vali. Siku za mwanzo ilifanya kazi vizuri. Baadaye konokono mdogo akakwama kwenye ulimi wake, ukawa haufungi sawasawa. Stima ilipopotea, maji yakapita kama hakuna kitu. Vali inataka kufunguliwa na kusafishwa kila mara, na wengi wetu tunasahau kwa sababu imejificha kabatini. Iweke ukipenda, ila usilale ukiitegemea yenyewe tu.

Mzee wa Kigoma
Tupige hesabu, ndiyo itakayotuamulia. Tangi lako, kila sentimita moja ya kimo ni lita 5.4. Mdomo wa bomba la kupandishia umezama kiasi gani ndani ya maji ya tangi? Na sampu ilikuwa na nafasi kiasi gani juu ya maji?

Samaki_Upanga
Nimepima sasa hivi. Mdomo umezama sentimita 8. Sampu ilikuwa na nafasi ya sentimita 6.

Mzee wa Kigoma
Basi jibu ni hilo. Sentimita 8 ni lita 43. Sampu yako inameza lita 2.6 kwa kila sentimita, kwa hiyo sentimita 6 ni kama lita 16 tu. Lita 27 zikaenda sakafuni, zaidi ya ndoo kubwa moja. Ukitaka kumeza zote 43 unahitaji nafasi ya sentimita 17 kwenye sampu, na hapo pampu itabaki karibu kavu. Ndiyo maana kupunguza maji peke yake hakukutoshi. Pandisha mdomo wa bomba uzame sentimita moja na nusu tu. Hewa ikiingia, mvuto unakatika wenyewe, hakuna kifaa cha kuharibika.

Dada Nyegezi
Naunga mkono kupandisha mdomo. Tundu linafanya kazi ile ile, lakini likiwa dogo mwani unaliziba na huoni. Mimi nalisugua kila wiki ninapobadilisha maji.

Angalia na upande wa pili: jani au samaki aliyekufa akiziba njia ya kushukia, pampu itaendelea kupandisha mpaka tangi la juu limwagike. Chumba cha pampu ndani ya sampu kisibebe maji mengi kuliko nafasi iliyobaki juu ya tangi. Kwako, sentimita 2 za nafasi ni kama lita 11, basi usizidishe hapo.

Fundi Ilala
Na ekstensheni itoe sakafuni, ipigilie ukutani. Waya wa pampu ulegeze ushuke chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili matone yaangukie pale chini yasifuate waya hadi kwenye umeme.

Samaki_Upanga
Nimerudi kutoa taarifa. Samaki wapo kwa rafiki, kabati nimelibadilisha kwa stendi ya chuma. Mdomo nimeupandisha, vali sikununua, chumba cha pampu nimekigawa kwa kioo. Jana nilichomoa pampu kwa makusudi mara tatu, nikiwa nimekaa chini na taulo. Kila mara maji ya sampu yalipanda sentimita 3 na kidogo, yakasimama.

Kwa mama wa chini tulitoboa kama ulivyosema, fundi. Zilitoka karibu ndoo nusu. Bodi mpya inawekwa Jumamosi, nami nitakuwepo kumsaidia kuhamisha vyombo.