Mandhari ya shamba: mistari ipo, kina hakuna. Nifanyeje?

Penseli Butu: Wakuu, naomba msaada. Nachora matuta mbele, uzio wa miti katikati, nyumba moja, vilima nyuma. Kila kitu kikiwa peke yake kinapendeza, ila ukitazama karatasi nzima vimebanana kama vimebandikwa ukutani. Nimeongeza vivuli, ndiyo kwanza pamechafuka. Tatizo ni mistari au mpangilio?

Mzee wa Wino: Vivuli acha kwanza. Usawa wa macho yako, yaani mstari wa mlalo ulio kwenye kimo cha macho yako, uko wapi kwenye karatasi? Matuta yaliyonyooka sambamba kwenye ardhi tambarare huelekea nukta moja iliyo kwenye mstari huo. Shamba likipanda mlima mbele yako, nukta hiyo inapanda juu ya usawa wa macho. Likiteremka, inashuka chini yake. Wengi hulazimisha kila tuta liishie kwenye upeo, yaani mstari huohuo wa usawa wa macho, halafu wanashangaa mbona mteremko hauonekani.

Chorachora: Sawa, lakini ukifuata rula sana utapata ramani. Mimi nadhani shida ni uzito wa mstari. Mbele kandamiza kwa penseli laini na nyeusi, 4B hata 6B. Vilima vya nyuma viguse kwa 2H, penseli ngumu yenye mstari hafifu, tena mstari ukatikekatike. Tazama michoro ya mchoraji Mholanzi Van Gogh ya Arles, kusini mwa Ufaransa, 1888, aliyochora kwa kalamu ya mwanzi: nyasi za karibu ni mikwaruzo minene, mbali zinabaki nukta tu. Kina kimetoka kwenye mstari wenyewe.

Penseli Butu: Nimeangalia tena. Usawa wa macho uko katikati kabisa ya karatasi, na uzio unakwenda ukingo hadi ukingo.

Mzee wa Wino: Basi ukuta wako ndio huo! Jicho linafika kwenye uzio linagota. Fungua pengo, pitisha njia hapo, na mti mmoja wa karibu uvuke hadi angani, shina lake lifunike kipande cha kilima. Kitu kikifunika kingine, mtazamaji anajua kipi kiko mbele bila kivuli chochote. Ila kilele cha mti kisigusane na mgongo wa kilima. Ama kipite, ama kibaki chini.

Chorachora: Na upeo uteremshe au uupandishe. Ukitaka matuta yatawale, upandishe.

Penseli Butu: Naupandisha. Nyumba je, ibaki?

Mzee wa Wino: Ibaki, ila ndogo.