MREJESHO: Samaki wa kuchanganya kwenye tenki la lita 100

Wakuu, habari za jioni. Niliuliza kama mbuna wa Ziwa Nyasa wanaweza kukaa na gapi na neoni tetra kwenye tenki moja, hapa Dodoma. Wengi mlinikatalia, na mkuu mmoja akasema nipime maji kwanza kabla ya kununua samaki yeyote.

Nimepima. Maji yetu ni magumu kwelikweli, pH (kipimo cha uchachu wa maji) inagonga 8. Birika la chai lina ukoko mweupe ndani. Neoni ni wa maji laini ya Amazoni, nimemfuta. Mbuna maji haya wanayapenda, ila ni wababe, kila dume na jiwe lake. Kwenye lita 100 gapi angebaki bila mkia.

Basi nimechukua gapi na moli, majike wengi kuliko madume kama mlivyoshauri, maana dume la gapi humwandama jike mpaka anachoka. Moli wanakwangua ukijani kwenye kioo kutwa nzima. Gapi mmoja keshazaa, vifaranga wamejibanza kwenye mizizi ya majani yanayoelea, na anayewawinda ni mama yao! Hilo hamkunitajia.

Aliye Dodoma akihitaji gapi aseme, naona watanijazia tenki.