Mrejesho: DVD ya Titanic kuonekana ndogo kwenye TV pana

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza kwa nini DVD yangu ya Titanic, toleo la 1999, inaacha weusi pande zote nne kwenye TV pana ya 16:9 (upana 16 kwa kimo 9), na nikizumu nyuso zinaingia ukungu. Mliosema tatizo ni diski, si deki, mlikuwa sahihi kabisa.

Filamu ile ina uwiano wa upana kwa kimo wa 2.35:1. Toleo hilo lilitengenezwa kwa TV za zamani za 4:3, zisizo pana, hivyo mikanda myeusi ya juu na chini imerekodiwa humo humo. Kati ya mistari 480 ya picha, kutoka juu hadi chini, ya DVD ya Marekani, picha yenyewe inabaki na kama 270 tu! Ukizumu, unavuta hiyo hiyo kidogo.

Nimepata toleo la 2005, la anamofiki: picha imebanwa ubavuni, TV inaitanua, na filamu inapata mistari kama 360. Meli ikionekana kwa mbali, kamba na reli za sitaha zimenyooka. Zamani zilikuwa zinameta na kukatika ngazi ngazi. Weusi wa juu na chini bado upo, na uachwe, ndio umbo la filamu. Anayenunua DVD za zamani asome nyuma ya kasha kama pameandikwa 16:9. Asanteni sana.